Kicheko cha Dirishani

Mji ule waliuhama wakiwa wasichana wawili wenye sanduku moja, na sasa walikuwa wameurudia wakiwa wajane wawili, kila mmoja na mkoba wake, kila mmoja na magoti yanayolalamika. Aliyefiwa na mume karibuni ni Chiriku. Jina hilo alipewa ujanani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na hata kwenye msiba wa mumewe ndiye aliyewasimulia waliokuja kumpa pole vituko vya marehemu, hadi wakacheka na kulia kwa pamoja. Mwenzake, aliyetangulia kufiwa, ni Povu. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, mama wa kijana mmoja anayefanya kazi mbali, mtu wa heshima zake. Lakini kwa Chiriku alibaki kuwa Povu, msichana wa mabeseni aliyekuwa akitoka kazini na sabuni mpaka kwenye nyusi.

Walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wakilitazama duka la dobi.

"Huo mtandio," Chiriku akasema, akiuvuta na kuulegeza. "Umeufunga kama mtu anayekwenda kung'olewa jino."

"Ndivyo ninavyojisikia."

"Basi jisikie vingine. Mtu anakwenda kuposwa na uso wa hivyo? Ingekuwa mimi, saa hizi nimeshaingia, nimeshakaa, naomba kikombe cha pili."

Ndani ya duka lile alikuwamo mwanamume aliyempenda kabla hajampenda mwingine yeyote. Enzi zile, wote watatu wakifanya kazi kwa dobi mwingine wa mji huo, walimwita Nyoosha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpiga pasi, na hapakuwa na mkunjo uliomshinda. Mume wa Chiriku alipofariki, Nyoosha, ambaye naye alikuwa mgane, alikwenda kutoa pole. Kabla ya kuaga aliuliza kwa sauti ya chini kama yule mwenzake wa mabeseni bado yu hai. Chiriku akampa namba ya simu papo hapo. Ndipo simu za jioni zilipoanza. Mtu mzima akipenda huanza kwa kuuliza habari za afya, kwa hiyo waliulizana magoti, wakaulizana macho na usingizi, mpaka siku moja Nyoosha akasema angependa kumuuliza magoti hayo akiwa karibu nayo.

Mwanawe hakufurahi. Alimpigia mama yake akamuuliza kama ameshindwa kukaa na heshima ya mjane. Halafu akaongeza neno lililomchoma Povu zaidi ya lile la kwanza: si babu mwenyewe alimkataa mtu huyo zamani kwa uzembe? Si huyo aliyekuwa akiunguza nguo za watu?

Povu alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto wake. Nguo ile iliyounguzwa aliijua. Aliyeiunguza alimjua pia, kwa kuwa alikuwa akimwona kila siku kwenye kioo.

Alikuwa amekuja kumjibu Nyoosha ndiyo. Ila kabla ya hiyo ndiyo alitaka limtangulie neno la kuomba msamaha, na hakuliogopa sana. Miaka yote aliamini kwamba Nyoosha aliujua ukweli, kwamba siku ile alijitwika kosa kwa makusudi ili kuwaokoa wasichana wawili wajinga, na kwamba mtu aliyempigia simu kila jioni kwa sauti ya upole namna ile alikwisha kumsamehe zamani. Kilichobaki ni kulisema tu, wacheke kidogo, walie kidogo, yaishe.

"Twende," akasema.

Duka lilinukia wanga wa kukazia nguo na mvuke. Nguo zilizofunikwa kwa nailoni zilining'inia kutoka ukutani hadi ukutani, kila moja na kijikaratasi cha namba kifuani, utadhani wagonjwa wanaosubiri daktari. Nyoosha alitokea katikati ya makoti mawili. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, mabega yameshuka, lakini shati lilikuwa limenyooka mpaka mtu angeogopa kumkumbatia. Alimshika Povu mkono, akasahau kuuachia.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Na mimi nimefika," Chiriku akasema, "kama kuna anayejali."

"Wewe, Chiriku, hata nikifunga mlango unaingia na hewa."

Walicheka wote watatu, na kwa punje ya muda Povu akajiona yuko tena kwenye mabeseni, mikono imevimba maji. Kisha akaliona jicho likimtazama kutoka kwenye cherehani ya pembeni, akaacha kucheka.

Alikuwa dada mkubwa wa Nyoosha. Mwanamke huyu hakuwahi kuolewa. Aliishi na mdogo wake nyuma ya duka, akishona vifungo vilivyokatika na pindo zilizofumuka kwenye nguo za wateja. Aliitikia salamu bila kuiachia sindano.

"Huyo ndiye wifi yako," Chiriku akamnong'oneza Povu. "Mungu akutie nguvu."

Walikaribishwa chai katika chumba cha nyuma. Mazungumzo yalianza kwa mwendo wa kinyonga: nani amehama, nani amezikwa, ukumbi wa dansi umegeuka kuwa duka la vigae. Hapo Chiriku akafurahi, akaanza kuukumbuka ukumbi ule, na Povu akamkanyaga mguu chini ya meza. Ukumbi ule ndio ulikuwa chanzo cha dhambi zao zote. Wasichana wale wawili hawakuwa na nguo za kuendea dansi, lakini walifanya kazi mahali penye nguo za mji mzima. Kila Jumamosi walichagua kati ya zilizofuliwa na kukauka, wakazivaa usiku kama zao, na Jumatatu zikarudi kwenye foleni ya pasi bila mwenyewe kujua kwamba gauni lake limecheza kuliko yeye. Kuna wakati walikuwa na gauni moja tu zuri. Basi mmoja alilivaa nusu ya kwanza ya muziki, wakabadilishana chooni, mwingine akalivaa nusu ya pili. Vijana ukumbini walidhani ni mtindo, mapacha wa mjini.

Lile la mwisho lilikuwa gauni la hariri la mke wa hakimu, rangi ya maziwa. Mtu alilimwagia soda ya rangi. Walilifua usiku chumbani kwa shangazi wa Chiriku, likagoma kukauka, na Povu, kwa haraka na woga, akalipiga pasi likiwa bichi. Pasi ya mkaa haijui hariri. Iliacha alama yake pale mgongoni, kahawia, imekamilika mpaka ncha.

"Mimi nakukumbuka vizuri," dada mtu akasema ghafla, akimtazama Povu kwa mara ya kwanza uso kwa uso. "Tulikuja kwenu kukuposa. Mimi na mama yetu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, dada."

"Baba yako hakutuacha tumalize hata chai. Alisema mwanamume asiyeweza kulinda gauni la mtu atamlindaje mtoto wake. Mama alirudi njia nzima hasemi."

"Nisamehe kwa maneno yale, dada yangu."

"Wewe uliyasema? Aliyasema baba yako." Akauma uzi kwa meno. "Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, umenyamaza. Niliona miguu."

Chai ilimpoa Povu mkononi. Nyoosha akaingilia kati kwa upole, akamwambia dada yake kwamba mzee wa watu hakusema uongo. Gauni liliungua, na aliyeliunguza ni yeye.

Povu aliinua macho. Hapa ndipo alipotarajia kuiona ile ishara ndogo, kope kushuka, mdomo kupinda, alama ya watu wawili wanaoijua siri moja. Alimtazama kwa shukrani iliyokuwa tayari imejaa machoni. Lakini uso wa Nyoosha ulikuwa safi kama shuka lililotoka kufuliwa. Haukuficha kitu.

"Nikusimulie mwenyewe," Nyoosha akamwambia, "maana wewe ndiye mwenye hadithi na hujawahi kuisikia."

Akasimulia. Ilikuwa hadithi iliyosimuliwa mara nyingi, mtu angejua kwa namna alivyojua pa kupumzika. Alisema kwamba katika muda wote waliofanya kazi pamoja, msichana yule wa mabeseni hakuwahi kumwambia zaidi ya habari za asubuhi. Ikaja Jumatatu moja akiwa peke yake chumba cha pasi, akasikia anaitwa dirishani. Alikuwa yeye, ameegemeza mikono yote miwili kwenye fremu, ana povu kwenye kidevu. Alimuuliza jambo fulani la kipuuzi kuhusu wanga, kisha akacheka. Nyoosha alisema hajui walizungumza nini baada ya hapo. Alijua tu kwamba alipogeuka, chumba kilinuka, na pasi yake ilikuwa imekaa juu ya mgongo wa gauni la hariri kama kuku juu ya mayai.

"Nilidhani nimeiweka kwenye sahani yake ya chuma," akasema. "Hadi leo mkono wangu unakumbuka hivyo, kwamba niliiweka kwenye sahani, na gauni hata sikuwa nimelitandika. Lakini macho yaliona vingine. Basi nikajua kwamba kichwa kilikuwa dirishani na mkono ukaachwa peke yake."

"Mkono mbovu," dada mtu akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtoto.

"Mbovu kweli. Tangu siku ile siuamini. Hii pasi ya umeme naizima, nachomoa waya, naigusa, narudi tena kuiangalia. Wateja wananicheka." Akatabasamu. "Lakini nikwambie kitu, Povu. Kazi nilifukuzwa, mchumba nikanyimwa, nikabeba magunia miaka hadi mgongo ukapinda. Na sijawahi kujuta kwamba niligeuka. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia watoto, baba yenu aliunguza hariri ya watu kwa sababu ya kicheko cha mwanamke, na mwanamke mwenyewe si mimi. Watoto wakicheka, na yeye anacheka. Ndiyo hadithi ya nyumba yetu. Kila mtu ana kitu kimoja kizuri alichokiona. Changu ni kile."

Chiriku alikuwa ameinama, anachunguza majani ya chai kana kwamba ameyaangushia hereni.

Nyoosha akamgeukia dada yake. Alimwambia kwamba hataki kuoa kwa kujificha, anataka mwanamke huyu awe mkewe, na anataka ridhaa ya aliyemlea. Dada mtu alikunja kitambaa chake taratibu, akaweka sindano kwenye mto wake.

"Wewe ulipobeba magunia, mimi niliwakataa watu wawili waliokuja kunioa, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na hapakuwa na wa kumwangalia. Sisemi nimejuta, nasema ilivyokuwa. Huyu nitamridhia siku akiniambia kwa nini alinyamaza nyuma ya pazia." Akamgeukia Povu. "Ulikuwa unampenda ndugu yangu au hukuwa unampenda?"

"Nilikuwa nampenda," Povu akasema. Aliomba radhi, akatoka kwenda uani kupata hewa.

Uani kulikuwa na kamba za nguo, na mashuka ya nyumba ya wageni yaliyolowa yalikuwa yamegawa ua vyumbavyumba. Chiriku alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hajui," Povu akasema.

"Nimesikia kwamba hajui. Nina masikio."

"Nilidhani alitusitiri. Maisha yangu yote nimemshukuru mtu kwa jambo ambalo hakulifanya."

"Basi endelea kumshukuru. Kuna ubaya gani?" Chiriku akachuchumaa mbele yake kwa shida, akashika magoti ya mwenzake. "Nisikilize. Nimekutafutia mume. Nimekulazimisha kupanda basi, nimekufunga mtandio. Nilifanya hivyo kwa sababu kila nikimkumbuka kijana yule akitoka langoni na kifurushi chake, chakula hakinipiti. Nikasema, angalau nimpelekee huyu aliyemkosa. Sasa unataka kuvunja chungu mlangoni?"

"Anasema hauamini mkono wake."

"Kwa mkono huohuo amelea watoto wake na kufungua duka."

"Anaigusa pasi, Chiriku. Anarudi kuigusa."

Chiriku alishusha sauti, jambo la nadra.

"Ukimwambia habari ya gauni, utamwambia na ya dirisha. Haviachani. Umelifikiria hilo?"

Povu alikuwa amelifikiria. Tangu Nyoosha alipotaja fremu hakufikiria kingine. Maana hakwenda dirishani kwa kupita njia. Alitumwa. Walipanga wao wawili asubuhi ile, nyuma ya matangi ya maji: Povu amwite mpiga pasi dirishani amshughulishe, Chiriku apite mlango wa nyuma, atandaze gauni mezani na kuikalisha pasi juu ya alama. Walidhani atakatwa mshahara tu, au atagombezwa. Hawakudhani mke wa hakimu angekuja mwenyewe. Na kabla hawajapata ujasiri wa kusema lolote, Nyoosha alikwisha kusimama mbele ya mwenye duka na kutamka, nimeunguza mimi. Siku zikapita, baba akakataa posa, na kusema kukawa kugumu zaidi kila asubuhi, kama mtu aliyesahau kumsalimia jirani na sasa anaona haya kuanza.

"Nikinyamaza," Povu akasema, "nitalala pembeni yake usiku, na kila akiamka kwenda kuangalia pasi nitajua."

"Atakufukuza."

"Huenda."

"Na mimi je? Yule dada yake atanimeza bila maji."

"Jina lako sitalitaja."

Chiriku akajifuta uso kwa pembe ya shuka la watu.

Nyoosha alikuwa chumba cha pasi, anamalizia shati la mteja aliyesema atalipitia alasiri. Alipomwona Povu mlangoni aliisimamisha pasi, akaja hatua mbili, akarudi kuiangalia, akaizima ukutani, akachomoa waya. Kisha akaigusa kwa ncha ya kidole. Alifanya yote hayo akitabasamu kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa akizungumza peke yake.

"Dada yangu ana maneno," akasema. "Usimjali. Moyo wake ni laini kama pamba, ila ameuvalisha gunia."

"Anasema kweli. Kaa chini, Nyoosha."

"Mimi hukaa chini nikiugua tu."

"Kaa, tafadhali."

Alikaa kwenye kigoda. Povu alibaki amesimama, kwa sababu alihisi kwamba akikaa hatasema. Alikuwa amewazalisha wanawake wengi, na alijua kwamba kuna wakati mtu husukuma au hupoteza kila kitu. Akasema. Alianza na dansi, akaja kwenye soda, kwenye chumba cha shangazi, kwenye hariri mbichi na pasi ya mkaa. Hakupamba wala hakujitetea. Alisema gauni lilikuwa limeungua tangu usiku wa Jumamosi, kwamba liliingizwa mle chumbani asubuhi ile likiwa na alama yake mgongoni, na kwamba mkono wake uliiweka pasi kwenye sahani yake, kama mkono wenyewe ulivyosema siku zote.

Nyoosha aliutazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza, akatazama kiganja, akaugeuza tena.

"Niliiweka kwenye sahani," akasema.

"Uliiweka."

"Nilijua." Alisema polepole sana. "Ndani kabisa nilijua. Lakini mtu akiambiwa na macho yake mwenyewe atabishana na nani?" Alifungua vidole, akavikunja. Kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa kamba. Kisha Povu akaliona swali la pili likimjia, kama alivyojua litakuja, na akatamani kumziba macho asilione.

"Wewe ulikuwa dirishani," Nyoosha akasema. "Mikono yako yote miwili ilikuwa kwenye fremu. Naikumbuka. Nani aliikalisha pasi?"

"Kosa ni langu."

"Sijauliza kosa ni la nani."

Nyoosha akangoja, na katika kungoja akaelewa mwenyewe.

"Ulikuja kunishika nisigeuke," akasema.

"Ndiyo."

"Na wanga uliouuliza?"

"Tulipanga niulize hivyo."

"Na kicheko?"

"Kicheko hakikupangwa." Povu alipiga hatua moja mbele. "Nakuapia, Nyoosha, kicheko kilikuwa changu. Ulisema kitu kuhusu kola ya mchungaji, ukaniangalia, nikasahau kilichonileta. Nilikupenda pale pale nikiwa nakuibia. Ni kweli."

Nyoosha alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Povu zaidi. Alimtazama kama anavyotazama nguo iliyoletwa na doa asilolijua, akipima kama litatoka au litaondoka na kitambaa.

"Nitajuaje?" akauliza.

Povu alitafuta. Alikuwa na miaka yote ya maisha yake na hakupata humo kitu hata kimoja cha kumwonyesha. Alikuwa amenyamaza nyuma ya pazia. Alikuwa ameolewa na mwingine, akamzalia mtoto. Nani angemwamini?

"Huwezi kujua," akasema.

Nyoosha aliinamisha kichwa. Alipoongea, alikuwa akiongea na sakafu.

"Wakati ule ungeniambia, ningecheka. Ningekuoa na ningelifanya liwe utani wetu. Hata mwaka uliofuata. Umenipa mkono wangu, nakushukuru, ni jambo kubwa. Lakini kulikuwa na kijana mmoja dirishani, amependwa kwa mara ya kwanza. Nimeishi naye muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu. Leo unaniambia huenda hakuwahi kuwepo. Wewe umefiwa, Povu, unajua. Niache nimlilie."

"Kwa muda gani?"

"Mfiwa haulizwi hivyo."

Mlangoni kulikuwa na mtu. Dada mtu alikuwa amesimama na kikombe mkononi, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Hakumtazama Povu. Alipita, akaweka kikombe juu ya meza ya pasi, mahali asipoweka kitu kamwe, akachukua mkono wa kulia wa mdogo wake akaukumbatia kifuani mwake kwa mikono yote miwili. Miaka yote aliuita mbovu.

Povu alitoka kupitia dukani, katikati ya nguo za watu. Nje jua lilikuwa kali, mji unaendelea na shughuli zake. Chiriku alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, mikoba yote miwili mapajani. Aliusoma uso wa mwenzake.

"Hukunitaja," akasema.

"Sikukutaja."

"Na kicheko? Amekiamini?"

Povu alitikisa kichwa. Alitaka kusema zaidi, lakini alijua akifungua mdomo barabara yote itamsikia.

Chiriku aliiweka mikoba chini, akashika ukuta, akajiinua, akanyoosha gauni lake la safari na kuingia ndani ya duka. Povu alimwita kwa sauti ya chini, akamfuata mpaka kwenye makoti, akasimama hapo. Aliweza kusikia, hakuweza kuona.

Alimsikia Chiriku akisema, bila salamu, "Aliyeikalisha pasi ni mimi."

Kikombe kiligonga meza.

"Dada, nitukane baadaye, nitakuja mwenyewe unitukane. Kwanza nimalize. Nyoosha, tulipatana hivi: nikimaliza nikohoe, yeye aondoke dirishani mara moja, akimbilie mabeseni. Nilikohoa. Hakuondoka. Nikatoka nje nikakohoa tena nyuma ya ukuta, nikakohoa mpaka mfua mashuka akaniletea maji. Yule amesimama pale anacheka, amekuangalia wewe tu. Ungegeuka wakati wowote ungetukamata wote wawili, na alijua. Nilimtukana sana siku ile. Nilimwambia, umetuponza kwa ajili ya meno ya mwanamume. Ni mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Kila alipotaka kusema, nilikuwa na mama wa kulisha, nikamwambia kesho. Kesho, kesho. Ndivyo tulivyofika hapa."

Povu alijishika kwenye mkono wa koti la mtu. Siku ile hakusikia kikohozi hata kimoja, na katika matusi yote Chiriku hakukitaja. Katika miaka yote ya urafiki wao Chiriku, asiyeweza kukaa na neno, alikaa na hilo.

Mteja wa shati aliingia, akasimama kaunta, akaona sura ya Povu, akasema atarudi baadaye.

Hatimaye alisikika Nyoosha. Sauti ilikuwa nzito, imechoka.

"Alikaa mpaka lini?"

"Mpaka ulipogeuka wewe mwenyewe. Asingeondoka."

Povu alingoja jina lake liitwe. Alilingojea kama alivyowahi kulingojea nyuma ya pazia, mchana ule baba yake alipokuwa akiikataa posa kwa niaba yake, na kama siku ile alijua kwamba hana haki ya kusogea.

"Nendeni," Nyoosha akasema. "Kwa leo nendeni."

Chiriku alitoka macho mekundu, akapita kwenye makoti, akamshika Povu mkono, wakavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto hadi mwendesha baiskeli akawapigia kengele. Walitembea kuelekea nyumba ya wageni. Walipofika kwenye duka la vigae, Chiriku alijikohoza kidogo.

"Amesema kwa leo," akasema.

"Nimesikia."

"Ningekuwa wewe ningeshikilia hapo."

Povu alikuwa akimfikiria msichana mwenye povu kidevuni, aliyekuwa na neno moja la kweli mdomoni na dirisha wazi mbele yake, akauliza habari za wanga.